Mfalme Niliyemwimba Jana

Nakumbuka mashine ya kusaga ilivyoingia kijijini kwetu, mwanangu, na hata leo nikiisimulia siwezi kukaa nikatulia. Lori lilipanda kutoka upande wa Sumbawanga likiguna, limejaa vumbi mpaka kwenye vioo, na nyuma, juu ya magunia, amekaa mume wangu, Baba Yusta, ameikumbatia injini ya dizeli utadhani amebeba bibi harusi. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu mashine ilikuwa yangu! Yetu, nimekosea. Lakini aliyeipiga hendeli kuiwasha tangu siku ya kwanza ni mimi, na mikono hii hapa ni shahidi.

Wewe umezaliwa umekuta mashine kila kona, huwezi kujua. Sisi tulisaga ulezi juu ya jiwe, umepiga magoti, mpaka magoti yakaota sugu. Ukitaka unga laini wa mahindi unajitwika debe unatembea mpaka misheni, unakuta foleni, unarudi jua limezama na watoto wanalia njaa. Kijiji kilikuwa na mashine yake moja, sikatai, lakini ilikuwa imeharibika miaka mingi na kuku walikuwa wanatagia ndani. Ndipo ikaja ile miaka ya ruksa. Mtu binafsi akaachiwa anunue maharage na mahindi, ayapeleke Mbeya mwenyewe, arudi na anachotaka. Sabuni ikaonekana tena! Watu wa Mbeya wakafungua maduka mjini, mitumba ikashuka, na Baba Yusta akarudi na injini. Jamani, tulikuwa kama watu waliofunguliwa kamba.

Ila furaha ile ilikuja na woga wake. Unajua mwenyewe jinsi watu wa mikoa mingine wanavyotutania kwamba sisi tunatumiana radi kwa uchawi, wakisikia umetoka Sumbawanga wanasogea pembeni, "usinitupie radi, mshikaji." Wanacheka. Sisi wa wakati ule hatukuwa tunacheka. Mtu akiezeka bati wakati jirani zake wana nyasi, akinunua baiskeli mpya, akionekana tu kwamba ameinuka, alianza kutazama mawingu. Na nyumba yetu ya mashine ilikuwa na bati jipya linalometa mpaka ng'ambo ya kilima.

Shangazi yangu Sesilia alinijia kabla lori halijafika. Alinipenda sana yule mama, nisimsingizie. Alikaa jikoni kwangu akaniambia, "Mwanangu, mashine inakuja, na wenye macho wanaona. Umezika wawili. Una Yusta peke yake. Unataka wamfanye nini?" Hapo alinipata. Watoto wangu wawili wa kwanza nilikuwa nimewazika, mmoja kwa surua, mwingine hatukujua kwa nini. Yusta alikuwa na miaka miwili, anatembea kwa kujigonga gonga, anacheka na kila mtu. Ukinitajia Yusta, akili yote iliniruka.

Basi nikazindika. Nakuambia wazi, maana usipoambiwa wazi utadhani bibi yako alizaliwa na rozari mkononi. Mganga alitoka bondeni, akachukua kuku wangu mweupe na kaniki mpya, akafukia vichupa vinne kwenye pembe za nyumba ya mashine na cha tano chini ya kizingiti. Halafu akanipa mwiko. Akasema, "Ngurumo ikianza, mtu asiye wa damu yako asivuke kizingiti hiki mpaka mvua ikatike. Akivuka, dawa imekufa, na radi itamtafuta mtoto." Alisema hivyo huku anamtazama Yusta.

Na wiki iliyofuata, sikia kituko hiki, nikamwita katekista wetu, Mzee Pankrasi, aje kuiombea mashine! Mzee yule alikuwa mrefu, mkavu, na koti moja la kijivu ambalo sijui lilikuwa na umri gani. Ndiye aliyetufundisha dini sisi sote, ndiye aliyezika wanangu padri alipokuwa mbali. Alisimama pale pale kwenye kizingiti, juu ya kichupa, akasali sala nzuri sana. Mimi nikaitikia "amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Niliona nimefanya jambo la akili: Yesu juu, dawa chini, pote pamezibwa.

Miezi ikapita vizuri. Mashine ikaunguruma, watu wakatoka mpaka njia ya Muze, kule bondeni, kuja kusaga kwangu. Mvua zikaanza, ikafika Jumapili ya Kristu Mfalme. Mwanangu, sikukuu ile kwetu haina mfano! Kwaya tulikuwa na vitenge vya sare, ngoma zimeanikwa juani, maandamano yametoka kanisani yakazunguka kijiji kizima, na mimi mbele kabisa, sauti ya kwanza, nikiimba kwamba Yeye ni mfalme wa mbingu na nchi, mfalme wa upepo, mfalme wa wafalme. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Tulipopita mbele ya nyumba ya mashine nikacheza zaidi, watu waone.

Kesho yake, Jumatatu, ndiyo siku ninayotaka kukuambia.

Saa nane mchana hivi mawingu yalijikusanya upande wa bonde, meusi kabisa. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walitazama juu, wakajitwika madebe yao na kukimbilia makwao. Baba Yusta alikuwa Mbeya kutafuta mkanda mpya. Nikazima injini, nikamwingiza Yusta, nikafunga mlango kwa komeo. Ngurumo ya kwanza ikapiga, nami nikakaa chini kwenye magunia nimempakata mwanangu, nikijisemea kwamba niko salama, damu yangu tu ndiyo iliyomo humu.

Mara nikasikia, "Hodi!"

Nikamziba Yusta mdomo kwa kiganja.

"Hodi, dada! Nina mtoto!"

Nilichungulia kwenye ufa. Alikuwa mama mmoja wa Kisukuma. Wasukuma walikuwa wameingia na ng'ombe wao mwaka ule, wamepiga kambi ukingoni mwa bonde kabla ya kushuka, na sisi wenyeji tulikuwa bado tunawatazama kwa pembeni. Nilimjua kwa sura tu, watu walimwita Mama Shija. Ametoka mbali, debe la mahindi kichwani, kitoto mgongoni, na mvua imeanza kushuka ile ya kuchapa.

Nikasema, "Mashine imezimwa."

"Sitaki kusaga, dada. Nataka kujikinga tu."

Mwanangu, sikufungua. Nasema mbele ya Mungu, sikufungua. Nilimkumbatia Yusta nikaziba masikio yangu kwenye nywele zake. Kule nje kitoto kikaanza kulia, na mama yake akawa anakibembeleza kwa Kisukuma, amejibana ukutani chini ya upenu mwembamba usiokinga hata kuku. Kila kilio kilinichoma hapa. Lakini nilikuwa naona jinsi mganga alivyomtazama Yusta, na mkono wangu haukunyanyuka.

Halafu nikasikia kengele ya baiskeli. Nilijua baiskeli ile. Ilikuwa ya Mzee Pankrasi, anatoka kufundisha watoto wa komunyo kijiji cha pili. Nikasikia anaiegemeza ukutani, anazungumza kwa sauti ya chini na yule mama, kisha akagonga.

"Tumsifu Yesu Kristu!"

Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Milele, amina."

"Fungua, Mama Yusta. Kuna mtoto analowa."

"Siwezi, baba."

"Kitasa kimekwama?"

Ningeweza kusema ndiyo. Loo, shetani aliniletea neno zuri kabisa mdomoni! Lakini kumdanganya mzee yule aliyenifungia wanangu macho, nilishindwa. Nikaanza kulia. Nikamwambia kila kitu nikiwa nimeweka paji la uso kwenye mbao: kuku, kaniki, vichupa, mwiko, kile kilichosemwa juu ya Yusta. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka nilikuwa nampigia kelele. Nikamaliza. Nikangoja anifokee.

Hakunifokea. Akasema, "Jana ulimwimbia nani?"

Nikafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Nakuuliza, Mama Yusta. Jana, sauti ya kwanza, mbele ya watu wote. Ulimwimbia nani?"

"Kristu Mfalme, baba."

"Mfalme wa nini?"

Maneno yale yale niliyoyamwaga barabarani jana, leo yalikataa kutoka. Ngurumo nyingine ikapiga, karibu zaidi, na Yusta akajificha ndani ya kitenge changu. Nikasema, "Nimezika wawili, baba. Huyu akifa na mimi nimekufa."

"Najua. Mimi ndiye niliyewasalia."

"Basi niahidi! Niahidi nikifungua radi haitapiga, nifungue sasa hivi!"

Sasa sikiliza alivyojibu, maana mtu mwingine angenidanganya ili nifungue tu. Alisema, "Siwezi kukuahidi. Mimi si bwana wa radi. Inaweza kupiga, inaweza isipige. Ninachokijua ni kimoja: bwana wa radi yupo, na si yule aliyekula kuku wako. Huyo bwana ni Yule aliyekufa kwa ajili yako ukiwa bado hujamfanyia lolote, akafufuka, na wanao wawili wako mikononi mwake sasa hivi. Yusta yuko mikononi mwake na wewe umo humo, ufungue, usifungue. Mimi sitausukuma mlango huu. Nitakaa hapa na wenzangu."

Akakaa. Nilichungulia tena nikamwona. Mzee mzima amevua koti lake la kijivu, amemfunika Mama Shija na kitoto chake, mwenyewe amechuchumaa kwenye matope na shati limegandana na mbavu. Na anatetemeka! Ile baridi yetu unaijua, mvua ya Ufipa ikikupata unasikia mifupa inagongana. Hakuniangalia. Alikuwa anasali taratibu, midomo inacheza.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi kilichonipata. Sikuona malaika. Sikusikia sauti. Nilikuwa naogopa vile vile. Lakini nilijikuta nasema, "Yesu, kama wewe ndiye mfalme, basi mtoto ni wako, mashine ni yako, na mimi mwoga huyu ni wako. Sina kingine." Nikamweka Yusta begani, nikavuta komeo.

Nilipofungua mlango, hapo hapo, paaa! Radi ikapasua mbingu! Mwanga mweupe, bati likalia, ardhi ikaruka chini ya miguu yangu. Nilipiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Kate, vijiji kadhaa kutoka kwetu. Nilijua tayari, Yusta amekwisha. Nikampapasa kichwani, mgongoni, miguuni, natafuta mahali alipoungua. Na Yusta, mwanangu, Yusta alikuwa amewatazama wageni waliolowa mlangoni, akanyoosha kidole akacheka! Alikuwa mzima, hajachubuka hata ukucha. Radi ilipiga mwamba wa kilimani ambako hakuna mtu.

Waliingia. Mama Shija alivuka kizingiti kwanza, mguu wa matope ukakanyaga pale pale juu ya kichupa. Kisha Mzee Pankrasi akaingia akikamua mikono ya shati. Nikachukua magunia makavu nikawafunika, nikamvua kitoto nguo nikakiweka kifuani pangu kipate joto, huku nalia na kuomba radhi. "Nisamehe, mama. Nisamehe." Mama Shija alinitazama, meno yanagongana, akasema, "Hata sisi kwetu tunaogopa, dada. Nimefurahi umefungua." Ndivyo alivyosema, hakuongeza neno. Tumekuwa ndugu tangu siku hiyo.

Lakini mimi damu ilikuwa imechemka! Mvua haijakatika, nikachukua jembe nikaanza kuchimba kizingiti. Mzee Pankrasi akasema ngoja mvua iishe, nikasema sitangoja. Nikakitoa kile kichupa, nikakivunja kwa mpini wa jembe. Unajua nilikuta nini? Majivu, ukucha wa mnyama, na manyoya ya kuku wangu mwenyewe! Yule kuku mweupe! Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope, na Mzee Pankrasi naye akashindwa kujizuia. Vile vinne vya pembeni nilivichimba jioni ile mvua ilipotulia, tukavitupa chooni.

Sasa ngoja, maana kosa langu la pili linakuja hapa, na hili ndilo ambalo watu hawalisemi. Nilipotulia nikaanza kuona aibu, na aibu ikanitafutia kazi ya kufanya. Nikamwambia mzee, "Baba, nitampa Mungu nini anisamehe? Nitaleta gunia la unga wa ulezi kanisani. Nitaleta jogoo. Nitawasagia bure watu wote mwaka mzima."

Akasema, "Ala! Kumbe umevunja vichupa bado uko kwa mganga."

"Vipi, baba?"

"Yule ulimpa kuku akulinde. Na huyu unataka umpe jogoo akuokoe. Umebadilisha jina tu. Kristu hanunuliwi, mama. Alikuokoa kwa damu yake mwenyewe, na haombi jogoo juu yake. Unamwamini?"

"Namwamini. Naogopa, lakini namwamini."

"Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu."

Mwanangu! Basi tu! Unajua neno hilo lilivyoniingia? Nilikuwa mtu wa dini tangu utoto, kipaimara, kwaya, kila kitu, na siku zote nilikuwa nahisi kama mtu aliyesimama mlangoni akiulizwa ameleta nini. Siku hiyo nikajua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nje kwenye mvua, na mlango nilifunguliwa zamani, bila kuleta kitu. Niliruka! Nikaipiga hendeli, nikawasha mashine katikati ya mvua, nikamsagia Mama Shija debe lake lote, na sikumsagia ili Mungu anione. Nilimsagia kwa sababu furaha ilikuwa imenijaa na ilihitaji mahali pa kwenda. Mzee Pankrasi alikwenda kwa Mungu miaka mingi iliyopita, na kila nikisikia injini ya dizeli namwona amekaa kwenye gunia, unga umemjaa kwenye nyusi, anaimba kwa sauti yake mbaya ile.

Sitakudanganya kwamba woga uliisha siku hiyo. Shangazi Sesilia alikuja akapiga kelele, akasema nimemuua mtoto kwa mikono yangu. Kila wingu lililopanda nilikimbia kumtafuta Yusta. Na nilizika tena, mwanangu, unajua. Mdogo wake Yusta, kwa homa, miaka minne baadaye, na wapo waliosema, "Tulimwambia." Nililia sana. Lakini sikurudi kwa mganga, kwa sababu sikumwamini Kristu ili anilipe watoto wasiokufa. Nilimwamini kwa sababu Yeye ndiye mwenyewe, wao ni wake, nami nitawaona. Ile mashine nayo haikupigwa na radi hata siku moja. Ilikufa kwa uzee, shafti ikakatika.

Basi nikuase, na unisikilize, wewe unayefungua biashara yako, wewe unayepata kazi, wewe uliyeanza kuinuka na watu wameanza kukuonyesha kwa vidole. Watakuja wanaokupenda kweli, kama shangazi alivyonipenda, watakuambia weka na hiki kidogo, cha akiba tu. Kataa. Ukimweka Kristu mlangoni na kingine chini ya kizingiti, ujue anayetawala nyumba ni kile kilichoko chini, maana ndicho kitakachokuambia nani aingie na nani alowe. Yeye ni Bwana wa yote, hana mshirika. Wala usijaribu kumnunua kwa sadaka, kwa uimbaji, kwa kufunga. Toa, imba, funga, lakini ukiwa mtu ambaye ameshaokolewa na anashukuru. Na kama unaogopa, usingoje woga uishe ndipo uamini. Mwamini huku unatetemeka, mkono wako ukiwa kwenye komeo. Anawajua waoga wake.

Unajua Yusta alikuaje? Alikua akijua jambo moja tu kuhusu ngurumo. Mawingu yakipanda, kabla sijaisikia hata mimi, kale kasichana kangu kalikuwa kanakimbia mlangoni, kanavuta komeo kwa mikono miwili, kanasimama juu ya kizingiti na kupiga kelele kwa nguvu zake zote kwa kila aliyekuwa barabarani, Mfipa, Msukuma, mtu wa Mbeya, asiyemjua: "Ingieni! Ingieni! Mvua inakuja!" Nami nilikuwa nyuma yake, moyo unadunda, nasogeza magunia wapate pa kukaa.

Mwanangu, Bwana aliye juu ya mawingu yote akuweke mkononi mwake. Akupe imani iliyo hai hata magoti yakigongana, akufungulie pale wanadamu watakapokufungia, na uingiapo na utokapo asiwepo bwana mwingine juu yako ila Yeye. Tumsifu Yesu Kristu.